Mama kaandikiwa faini ya treni Uingereza wakati hela alikuwa nayo mkononi. Tulipe yaishe au tukate rufaa?

KiboshoJuu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu, hasa mliowahi kuishi Uingereza, na hata mliofanya kazi reli hapa kwetu.

Mama yangu mzazi yuko Uingereza kwa mdogo wangu wa kike, alikwenda kwa ajili ya mahafali yake. Jumapili moja alikwenda kumsalimia mama mwenzake wa Kibosho aliyeolewa huko, anakaa mji mdogo nje kidogo. Wakati wa kurudi mwenyeji wake alimfikisha kituoni kwa gari, akamwonyesha upande wa kupandia, akawahi kazini. Mama akabaki mwenyewe.

Kituo chenyewe kidogo. Dirisha la tiketi limeteremshwa pazia la chuma. Mashine ipo moja, na inapokea kadi tu. Mama hana kadi. Ana pauni za noti tulizombadilishia Arusha kabla hajasafiri, amezikunja kwenye kile kimfuko cha kitambaa anachoning'iniza shingoni. Alisimama pale akaitazama mashine, akajaribu kumuuliza kijana mmoja, kijana naye akamwambia yeye ana tiketi kwenye simu, hajui. Treni ikaja, akapanda. Ndani hakupita mkaguzi.

Aliposhuka kituo kikubwa kuna mageti. Hakujaribu kupita kwa mtu wala kujificha. Alimwendea mfanyakazi aliyevaa sare, akatoa noti ya pauni 20, akamwambia anataka kulipia alikotoka. Yule akamsogeza pembeni, akamuuliza jina na anwani, akamwandikia karatasi: pauni 100 pamoja na nauli ya pauni 6.40. Akilipa ndani ya siku 21 inakuwa pauni 50 pamoja na hiyo nauli. Kwa hela yetu ile kubwa ni laki tatu na ushee.

Mdogo wangu anataka kulipa ile ndogo mambo yaishe, kwa sababu ana haraka ya kutafuta kazi na hataki usumbufu. Mama amekataa katakata. Amenipigia simu usiku akasema, "Mwanangu, mimi nimeshika hela za akina mama wa jumuiya miaka yote na haijapotea hata shilingi. Leo nimeandikwa mtu wa kukwepa nauli, na hela nilimpa mkononi akakataa kuipokea." Alikuwa analia. Mama yangu halii ovyo.

Nisaidieni. Kuna njia ya kupinga hii kitu, au ndiyo tunapoteza muda?

ChaliiWaSakina

Pole sana kwa mama, mkuu. Ila mimi ningelipa hiyo 50 fasta. Wazungu hawachelewi kukuweka kwenye mfumo, kesho mama anaomba visa tena anaambiwa ana rekodi. Heshima ya mama ipo palepale, sisi tunamjua.

DadaWaNjiro

KiboshoJuu, usilipe kwanza. Soma hii hadi mwisho.

Nimesoma na kufanya kazi England kabla ya kurudi Arusha, na nimeshawasaidia wanafunzi kadhaa kuandika hizi rufaa. Tuanze na alichoandikiwa mama. Hiyo ni nauli ya adhabu. Ni deni la madai, haina hakimu, haina hatia, haiingii kwenye rekodi ya makosa ya jinai. Kiwango cha 100 pamoja na nauli kilianza Januari 2023, kabla ya hapo kilikuwa pauni 20 au mara mbili ya nauli, kutegemea kipi kikubwa. Kwa hiyo chalii wa Sakina, hofu yako naielewa lakini hapa umechanganya vitu viwili.

Kitu cha pili, ambacho ndicho cha kuogopa, ni mashtaka. Kuna sheria yao ya reli ya mwaka 1889, kifungu cha 5, ya mtu anayesafiri bila kulipa kwa nia ya kukwepa. Hiyo ni jinai kamili: faini hadi pauni 1,000 au kifungo hadi miezi 3. Halafu kuna kanuni ndogo za reli za 2005, ya 18 inasema kupanda bila tiketi ni kosa hata kama hukuwa na nia mbaya, ila yenyewe inataja hali zinazokutoa kwenye kosa: kama kituo ulichopandia hakikuwa na pa kukatia tiketi, kama kulikuwa na tangazo linaloruhusu kupanda, au kama mfanyakazi mwenye mamlaka alikuruhusu. Mama hajashtakiwa kwa lolote kati ya hayo. Na kwa safari moja hawawezi kumtoza adhabu na kumshtaki vyote viwili.

Sasa rufaa. Zipo ngazi tatu, na anayeamua anatakiwa awe huru na kampuni ya treni. Ngazi ya mwisho ni jopo. Rufaa ya kwanza lazima iingie ndani ya siku 21, na ukishaiwasilisha ile saa ya malipo inasimama hadi wakujibu. Mdogo wako asiogope kwamba akikata rufaa atapoteza nafasi ya kulipa ile 50.

Na hoja ya mama ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona. Masharti ya usafiri ya reli za kule yanasema unatakiwa uwe na tiketi kabla ya kupanda, isipokuwa kama dirisha limefungwa na mashine haifanyi kazi au haipokei aina ya malipo uliyo nayo. Hapo unaruhusiwa kupanda na kulipa mahali pa kwanza utakapoweza. Ndani hapakuwa na mkaguzi, kwa hiyo mahali pa kwanza palikuwa pale getini. Alifanya hivyohivyo.

Mwambie mdogo wako arudi kwenye kile kituo kidogo leo au kesho. Apige picha mashine nzima, kioo chake, kibandiko chochote kinachosema kadi tu, dirisha, na ratiba ya saa za kufunguliwa dirisha siku ya Jumapili. Bila picha wataandika kwamba "kituo kina mashine inayofanya kazi" na watakuwa hawajasema uongo.

MekuMstaafu

Shikamooni kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Nimefanya kazi reli, njia hii ya Tanga, Moshi na Arusha, na nimekagua tiketi humo ndani. Naomba niseme.

Njia yetu hii Wajerumani waliifikisha Moshi 1911, Waingereza ndio wakaisogeza hadi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Katikati hapo kuna vituo vidogo kama Kahe, Makanya, Hedaru, Buiko. Enzi zangu treni inafika kituo kama hicho usiku wa manane, karani wa tiketi hayupo au tochi yake imezima, watu wana mizigo yao ya mchele na ndizi, treni inasimama muda mfupi. Wanapanda. Ungewaambia wasipande mpaka lini?

Mkaguzi aliyefundishwa kazi alijua kutofautisha. Unapoingia behewa la daraja la tatu, mtu wa kwanza anakuinukia mwenyewe: "Bwana mkaguzi, nimepandia Buiko, sikupata tiketi, nakwenda Moshi." Huyo unafungua kitabu, unaweka kaboni, unamkatia nauli yake ya kawaida kutoka Buiko, unampa nakala ya juu. Mtu wa pili unamkuta amejifungia chooni, au ukiingia mlango huu yeye anatokea ule. Huyo ndiye wa kumtoza kutoka mwanzo wa safari ya treni na adhabu juu. Wote wawili hawana tiketi. Tulifundishwa kutazama mtu alifanya nini alipokuona.

Mama yako alimwendea mkaguzi na noti mkononi. Kwangu mimi angekatiwa nauli na kuambiwa karibu tena. Msilipe hiyo faini mpaka mmesikilizwa.

MremboWaPasua

Meku umenikumbusha mbali. Marehemu bibi alikuwa anakuja na treni kutoka Same, na hakati tiketi mpaka amempata mtu wa kumshikia kuku wake.

MtuWaSame

Mimi nilikuwa Ujerumani. Kule hakuna geti kabisa, unaingia tu, halafu ghafla mtu aliyevaa jaketi la kawaida ameketi pembeni yako anatoa kitambulisho: tiketi tafadhali. Huna, ni euro 60, tangu 2015. Ila wana utaratibu mmoja naupenda. Kama una tiketi ya mwezi yenye jina lako na umeisahau nyumbani, unaipeleka ofisini kwao ndani ya siku wanazokupa na unalipa kiasi kidogo tu, mara nyingi euro 7, ile 60 inafutwa. Wanaona kuwa hela yao ulishawalipa.

Tatizo kubwa la wageni kule ni tiketi za karatasi za miji mingine ambazo lazima uzigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Usipogonga, unahesabiwa huna tiketi hata kama umeishika. Nimeona wazee wa Kiafrika wakiaibishwa hapo, tiketi wamenunua kwa hela yao, hawajui tu habari ya kugonga.

KiboshoJuu, usikubali mama abebe aibu isiyo yake.

ChaliiWaSakina

DadaWaNjiro, nimekuelewa kwenye rekodi. Lakini swali langu linabaki. Wakikataa rufaa zote tatu je? Si anarudi kulipa 106 badala ya 56? Kwa mama ambaye anaondoka nchini si bora alipe?

DadaWaNjiro

Swali la haki. Akikataliwa anapewa muda wa kulipa, na kwa kuwa saa ilisimama, zile siku zake zilizobaki anazo. Kitakachompandishia deni ni kukaa kimya. Nimeona mwanafunzi aliyetupa karatasi kwenye droo akidhani itasahaulika, barua ikaenda anwani ya zamani, deni likapanda, na baadaye kampuni ikaiacha adhabu ikamgeuzia kesi. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Na msidhani kampuni za treni haziwezi kukosea kisheria. Tangu 2016 ziliruhusiwa kutumia utaratibu ambao hakimu mmoja anaamua kesi kwa makaratasi tu, mshtakiwa hayupo. Zikautumia pia kwa ile sheria ya 1889 ambayo haikuruhusiwa kwenye utaratibu huo. Agosti 2024 Hakimu Mkuu wa England na Wales, Paul Goldspring, akatamka mashtaka hayo ni batili. Yalikuwa karibu 74,000. Hebu fikiria watu hao wote, wengi walilipa kimyakimya wakiamini kwamba karatasi ikishakuja na nembo basi ni halali.

Mwaka huohuo kuna kijana alitishiwa mahakama kwa tofauti ya pauni 1.90, eti kadi yake ya punguzo la vijana haikufaa kwenye treni ya asubuhi. Alisema hadharani, kampuni ikaacha kesi, na serikali ikaagiza mdhibiti wa reli achunguze namna kampuni zinavyowabana abiria. Ripoti ilitoka 2025.

Kwa hiyo mama asijione peke yake.

KiboshoJuu

Asanteni sana, nimewasomea wote. Mama amefurahi zaidi na maneno ya Meku, ameniambia nimrudie mara mbili pale kwenye Buiko.

Mdogo wangu amekwenda kituoni. Mashine ina kibandiko chenye alama ya kadi na maandishi kwamba haipokei fedha taslimu. Dirisha lina ratiba: Jumapili halifunguliwi kabisa. Amepiga vyote. Pia amepiga lile tangazo la njano la onyo la adhabu, lipo, liko ukutani karibu na lango. Hilo linatuharibia?

DadaWaNjiro

Halituharibii. Kama tangazo lisingekuwepo ingekuwa hoja nyingine ya kujitegemea, kwa sababu kampuni haziruhusiwi kutoza mahali ambapo hazikuonya. Lipo, basi tusiliguse. Rufaa ikishika hoja moja iliyonyooka inasomeka vizuri kuliko ukiorodhesha malalamiko kumi.

Swali muhimu: mashine ina kitufe cha kutoa hati ya ahadi ya kulipa? Baadhi ya kampuni zimeweka hiyo. Ukitaka kulipa taslimu unabonyeza, inatoa kikaratasi cha bure kinachoonyesha kituo na saa, unakwenda nacho kulipia mbele. Kama ipo watasema mama alitakiwa akichukue. Mdogo wako arudi achukue video ya kioo, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

KiboshoJuu

Amerudi. Hakipo. Amepitia kurasa zote za kioo, hakuna kitufe hicho, na hakuna tangazo ukutani linalokitaja. Video anayo.

DadaWaNjiro

Safi. Basi andikeni hivi kwa Kiingereza, kwa jina la mama mwenyewe, maana karatasi ina jina lake. Mfupi. Msiweke habari za mahafali, umri, wala machozi, ingawa mimi mwenyewe yameniuma. Anayesoma ana mafaili mengi mezani na anatafuta kitu kimoja: je, kulikuwa na pa kulipia?

"Napinga nauli ya adhabu namba (iandikwe). Nilipandia kituo (jina) Jumapili tarehe (iandikwe), treni ya saa (iandikwe). Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa. Ratiba iliyobandikwa inaonyesha halifunguliwi Jumapili, picha ya kwanza. Mashine pekee ya kituo haipokei fedha taslimu, picha ya pili. Nilikuwa na fedha taslimu tu. Mashine haitoi hati ya ahadi ya kulipa, video imeambatishwa. Hakuna mkaguzi aliyepita ndani ya treni. Niliposhuka nilimwendea mfanyakazi wa kwanza niliyemwona nikiwa na noti ya pauni 20 na kuomba kulipa nauli. Kwa mujibu wa masharti ya usafiri nilikuwa na haki ya kupanda na kulipa mahali pa kwanza penye uwezekano. Naomba adhabu ifutwe. Niko tayari kulipa nauli ya pauni 6.40."

Sentensi ya mwisho isiondolewe. Inaonyesha mtu asiyetafuta cha bure. Na ombeni pia picha za kamera za pale getini, mama anaonekana ameshika noti. Hata kama hazitapatikana, kuziomba kunaonyesha hamna cha kuficha.

MachameLeo

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Hii kitu ikitokea huku kwetu mtu anakwenda wapi? Treni yetu ya Dar imerudi Moshi 2019, Arusha 2020 baada ya zaidi ya miaka 30, na mimi naipanda kila mwisho wa mwaka na watoto. Tukibishana na mkaguzi mule ndani tunaishia wapi?

MekuMstaafu

Mule ndani usibishane, utashushwa kituo usichokijua. Lipa, dai risiti, andika jina la mkaguzi na namba ya behewa, halafu ukifika peleka lalamiko kwa mkuu wa kituo kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri.

DadaWaNjiro

Nyongeza kwa Meku. Kama mtoa huduma hakujibu au hukuridhika, unakwenda LATRA, ambao tangu 2019 ndio wanasimamia mabasi na reli baada ya SUMATRA kuvunjwa. Wana ofisi hapa mkoani. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri, LATRA CCC, kazi yake ni kusimama upande wa abiria, watakusaidia hata namna ya kuandika. Usiporidhika na uamuzi wa LATRA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Watu wetu hawafiki huko kwa sababu hatutunzi tiketi. Tukishuka stendi tu tumeshaitupa.

MtuWaSame

Hili la tiketi ni kweli kabisa. Na za kwenye simu, pigeni picha ya skrini, simu ikizima mnabaki na hadithi.

KiboshoJuu

Wakuu, mrejesho. Majibu ya kwanza yamekuja, wamekataa. Wameandika kwamba mashine ya kituo ilikuwa inafanya kazi siku hiyo na kwamba abiria asiye na kadi anatakiwa kuchukua hati ya ahadi ya kulipa kabla ya kupanda. Yaani hoja ileile tuliyoijibu na video tukaambatisha. Mama amenyamaza, hataki kula vizuri. Mdogo wangu ameanza tena habari za kulipa. Nimeishiwa nguvu.

ChaliiWaSakina

Hapana mangi, sasa hivi hata mimi ndiye nakuambia usilipe. Hawajafungua video. Wametuma barua ya kunakili. Endeleeni.

DadaWaNjiro

Nakubaliana na chalii. Ngazi ya kwanza mara nyingi inajibiwa kwa maneno yaliyokwishaandaliwa. Msirudie barua ileile. Barua ya pili ijibu sentensi yao tu. Wanasema angechukua hati ya ahadi, mwambieni mdogo wako atoe picha mnato kutoka kwenye ile video, ukurasa kwa ukurasa, azipange kwa mfuatano na saa, aandike: "Hizi ndizo kurasa zote za mashine ya kituo hiki. Tafadhali nionyesheni ni ukurasa upi unaotoa hati mnayoitaja." Wanasema mashine ilifanya kazi, jibu ni kwamba hatubishi, ilifanya kazi kwa kadi, na mama hakuwa na kadi. Basi. Na muda wa ngazi ya pili ni mfupi kuliko wa kwanza, siku 14, kwa hiyo itumwe wiki hii.

Kuhusu mama. Mpigie leo umwambie amekataliwa na mtu ambaye hakusoma, na kwamba kuna watu Arusha na Moshi wasiomjua ambao wamekaa wanasoma jambo lake mstari kwa mstari.

MekuMstaafu

Mwambie pia kuna mkaguzi mzee wa reli anasema hana kosa. Aseme hivyo hata kwa hao Wazungu.

MremboWaPasua

Jamani hadi mimi nimekosa usingizi na kesi hii. KiboshoJuu usitutupe, ulete majibu.

KiboshoJuu

Nimempigia. Nilipomwambia ya Meku alicheka, akauliza ni Meku wa ukoo gani. Barua ya pili imetumwa jana, picha zote zimepangwa kama DadaWaNjiro alivyoelekeza.

WakiliWaMjini

Nimechelewa kuuona uzi huu. Ushauri uliotolewa ni mzuri, naongeza jambo moja la kiutaratibu. Mama akirudi Tanzania kabla ya majibu, hakikisheni mawasiliano yanakwenda kwa barua pepe inayofunguliwa kila siku, na mama aandike idhini fupi iliyosainiwa kumruhusu binti yake kushughulikia rufaa kwa niaba yake. Wengi hushindwa rufaa zao kwa sababu majibu yalifika kwenye mlango usio na mtu, siku zikapita. Na pale mwanzo alipotoa jina na anwani sahihi alifanya jambo la maana sana. Kule kukataa kutoa jina au kutoa la uongo ni kosa peke yake, na ndiko kunakowageuza watu wa kawaida kuwa washtakiwa.

KiboshoJuu

Asante wakili, idhini ameisaini jana na mdogo wangu ameituma.

KiboshoJuu

WAKUU. Imefutwa!

Majibu yameingia mchana huu. Wamekubali kwamba kituo hakikuwa na njia ya kulipia taslimu siku hiyo, na kwamba mashine haitoi hati ya ahadi. Adhabu ya pauni 100 imeondolewa. Imebaki nauli ya pauni 6.40, na wamempa maelekezo ya kuilipa.

Nimempigia mama nikiwa kazini, hapa Kiborloni, nikashindwa kujizuia mbele ya wateja. Yeye cha kwanza alichouliza ni, "Wameandika sina kosa?" Nikamsomea ile aya kwa Kiswahili. Akaniambia nisome tena. Halafu akasema hiyo pauni sita anailipa leo hii kwa mkono wake, binti yake asiilipe kwa kadi yake.

DadaWaNjiro, Mungu akubariki, sina cha kukulipa. Meku, mama anasema akirudi unamdai ndizi mshare mkungu mzima. MtuWaSame, wakili, na wewe chalii uliyegeuka katikati ukasimama na sisi, asanteni.

ChaliiWaSakina

Nimefurahi kama ni mama yangu. Nilikuwa nawaza visa tu, kumbe kulipa kimyakimya kungemwachia mama kidonda.

MekuMstaafu

Ndizi nazipokea. Mwambie mimi ni wa Uru, tusije tukawa ndugu.

MachameLeo

Swali la mwisho DadaWaNjiro, mwanangu anakwenda kusoma Scotland mwezi wa tisa. Utaratibu ni huuhuu?

DadaWaNjiro

KiboshoJuu, hongera kwa mama, yeye ndiye aliyekataa kulipa wakati sisi wote hatujaingia hapa.

MachameLeo, Scotland ni tofauti. Hii nauli ya adhabu ya 100 haitumiki kwenye treni zao za ndani, unalipa nauli kamili kwa mkaguzi na unakosa punguzo. Lakini akivuka kwenda England anaingia kwenye utaratibu huu. Na akiwa London kwenye treni za chini ya ardhi na mabasi, hao wana adhabu yao wenyewe: pauni 100, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21, na rufaa yake ina utaratibu wake. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014, kwa hiyo kabla hajatoka uwanja wa ndege awe na kadi ya benki ya kugusisha inayofanya kazi nje. Aijaribu kwanza akiwa bado huku, aulize benki yake kama imefunguliwa kwa matumizi ya nje, maana nyingi zinafungwa mpaka uombe. Akikwama kwenye mashine ya kadi tu kama mama, apige picha ya mashine na dirisha kabla treni haijafika.

MachameLeo

Nimeinakili yote. Asante dada.